Mama Aligonga Mlango kwa Ndani

Makuti yaliyolowekwa yana harufu yake. Si harufu nzuri, nisije nikamdanganya mtu. Ina uvundo wa maji yaliyolala na, kwa mbali, utamu wa nazi, na hushika mikononi hata ukinawa kwa sabuni. Lakini nikiisikia popote, hata siku hizi ambapo makuti yamekuwa pambo la mahoteli na sisi wenyewe tumehamia chini ya mabati, narudi moja kwa moja nyumbani kwetu Timbwani, miaka ile ya vita vya pili vya dunia, majuma machache kabla ya masika. Nina miaka tisa hivi. Nimekaa mkekani kando ya mama, kazi yangu ni kumpa majani yaliyolainika, naye anayakunja juu ya ufito, anayashona, anayakaza, anasukuma pembeni kuti lililokwisha na kunyosha mkono apewe majani mengine. Hasemi. Mama yangu kwa kawaida alikuwa msemaji, mwenye mizaha ya kuwafanya majirani washike mbavu, na kimya chake cha msimu ule kilinitisha kuliko ndege za vita zilizokuwa zikipita juu ya bahari.

Yalikuwa makuti ya shule. Shule yetu, iliyokuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani, haikuwa na paa la mtu mmoja. Serikali ilitupa mwalimu mkuu na ubao. Kuta walizikandika wazazi wenyewe, na paa likagawanywa baina yao, kila mmoja akaezeka kipande chake na kukitunza mwaka hadi mwaka. Mtoto naye alikaa chini ya kipande cha baba yake. Sijui nani aliyeanzisha desturi hiyo, ila ilikuwa na akili ndani yake, maana hakuna mzazi aliyetaka mwanawe arudi nyumbani amelowa ilhali wenziwe ni wakavu. Mvua ikivuja tulijua papo hapo baba wa nani amezembea, na tulimcheka mwenzetu bila huruma. Na aliyeezeka ndiye aliyekuwa na haki ya kuketi kwenye kamati ya wazazi na walimu, iliyokutana baada ya sala ya Ijumaa na kuzungumza saa za masomo wakati wa Ramadhani, mwalimu anayechapa kupita kiasi, mbuzi wa jirani wanaoingia madarasani. Waliokaa humo ni wanaume watupu. Si kwamba wanawake walikatazwa. Halikumpitikia mtu kwamba kuna la kukataza. Makuti yenyewe, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, yalishonwa na wanawake, na mpaka leo nikilifikiria hilo hucheka kicheko kisicho na furaha.

Baba yangu, Fundi Bakari, alikuwa mshona nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na tangu asubuhi sauti yake ilikuwa ndiyo saa ya mtaa wetu. Ikinyamaza, watu walijua ni wakati wa sala au wa chakula. Alikuwa mtu mpole mpaka likija suala la kusomesha watoto wa kike, hapo alikuwa king'ang'anizi wa kuchosha watu. Yeye ndiye aliyelitaka darasa la wasichana. Kamati ilimzungusha muda mrefu, mara chumba hakuna, mara mwalimu hakuna, mpaka chumba kikapatikana na mwalimu akapatikana, na hapo likazuka la tatu: mwalimu mwenyewe ni Mkristo. Baba alisimama akawaambia wenzake wamtafutie mwalimu wa kike Muislamu anayejua hesabu, naye atamshonea nguo za Idi bila malipo maisha yake yote. Walitafuta, hawakumpata, wakacheka, darasa likafunguliwa. Waliafikiana kwamba mwalimu hatagusa mambo ya dini na kwamba atajitanda leso kichwani akiwa kwetu. Mama alimpa leso mbili, moja ya kuvaa na moja ya kubadili.

Mwalimu Rahel alikuwa mtu wa Frere Town, mtaa wa misheni kule Kisauni, ng'ambo ya pili ya kisiwa. Alikuja kwetu kwa kuvuka maji mara mbili: kwanza daraja la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji, kisha anaukata mji mzima kwa miguu, kisha kivuko cha Likoni. Alifika miguu imejaa vumbi hadi magotini, na kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa njiani, alipita kwanza kwetu akanawa. Mama alimwekea kopo lake na kigoda chake. Nikiwa najifunga kanga niende shule, niliwasikia wanawake hawa wawili wakiteta nyuma ya nyumba, wakisengenya bei ya unga na wanaume waliojifanya wanajua vita vitaisha lini. Mwalimu Rahel alikuwa mkali darasani, hakuwa na mchezo, lakini alipokuwa akikosha miguu kwetu alicheka kama msichana. Tulitoka naye pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na kitabu chake mkononi, na sikuwa na shaka yoyote kwamba nikikua nitakuwa yeye.

Kisha baba akafa. Ilikuwa homa tu, ya kuanza Jumatatu kwa kusema viungo vinauma, na kabla hatujaamini kwamba ni mgonjwa watu walikuwa wamejaa barazani na cherehani imefunikwa shuka. Sitalieleza hilo zaidi. Aliyefiwa na baba akiwa mdogo analijua, na asiyefiwa Mungu amweke hivyo. Baada ya mazishi mama aliingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku zake. Hatoki ila kwa dharura, hajitii manukato wala wanja, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Wazee wa kwetu walizidisha, wakasema hata sauti yake isiwafikie wageni. Mtu akija kutoa pole, mama aliitikia kupitia kinywa changu. Mlango wa chumba ulikuwa na pazia zito, na upande huu wa pazia dunia yetu ilikuwa mkeka, kitanda, jiko dogo la makaa, na ua wa nyuma ambako shangazi za mtaa walimletea mama majani ya mnazi yaliyolowekwa. Kipande chetu cha paa kilikuwa kimechakaa. Masika yalikuwa yanakuja. Mama alisema baba hataambiwa, naye yuko kaburini, kwamba mwanawe analowa.

Habari ya kamati ililetwa na Ami Hamadi, mdogo wake baba, ambaye baada ya msiba ndiye aliyechukua nafasi ya marehemu kikaoni. Alisimama nje ya pazia akaeleza kwa sauti ya chini. Wavulana wamezidi, hawaenei. Serikali imeahidi mwalimu mwingine kwa ajili yao, lakini anataka chumba. Wasichana ni wachache, na tangu Fundi Bakari aondoke, baadhi ya wazazi wamerudia manung'uniko yao ya zamani kuhusu mwalimu wa Frere Town, kwa adabu, hawamtukani, wanasema tu haielekei. Ijumaa ijayo kamati itakata shauri. Wanasema darasa lifungwe kwa muda tu, mpaka vita viishe. Niliona mama ameacha kushona, kuti limelala mapajani mwake nusu limeshonwa nusu bado.

"Hamadi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akisema kwa sauti yake halisi, "mimi siwezi kutoka. Wewe ndiwe mdomo wangu. Sema lisifungwe."

Ami alijibu, "Inshallah, shemeji. Nimekusikia." Nami niliyekuwa mtoto nililala usingizi mzuri, maana kwetu mtu mzima akisema inshallah kwa sauti ile, ulihesabu jambo limekwisha. Sikujua kwamba inshallah nyingine ni mlango wa nyuma wa kutokea. Sikulipima pia jambo ambalo mama, nina hakika, alilipima: mwenyekiti wa kamati, Mzee Mwinyi, alikuwa baba mkwe wa Ami Hamadi. Ami alikuwa amemwoa binti yake mwaka uliopita. Na kwetu mkwe hampingi baba mkwe wake mbele za watu, hata kama mzee anasema jua linachomoza magharibi. Atanyamaza, kisha pengine siku nyingine, faraghani, kupitia kwa mke, atalirudia jambo polepole. Huo ndio uungwana. Shida ni kwamba kamati haikuwa na siku nyingine.

Nataka nimtendee haki Mzee Mwinyi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la vyakula karibu na kivuko, na wakati ule wa shida alijulikana kwa kutompunja mtu. Alimpenda baba, aliiosha maiti yake kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana alipopata habari kwamba wengine wanataka shauri likatwe haraka haraka pale shuleni, alikataa. Alisema darasa lile lilitakwa na nyumba ya Fundi Bakari, na si haki kulifunga bila nyumba ile kuulizwa. Na kwa kuwa mjane hawezi kwenda kwenye kamati, basi kamati itakwenda kwa mjane. Haikuwahi kutokea mtaani kwetu heshima ya namna hiyo. Tangu asubuhi ya Ijumaa majirani walikuja kufagia baraza, kutandika mikeka, kuazima vikombe. Mama alikaanga kahawa mwenyewe. Aliniambia nivae gauni ambalo baba alinishonea Idi ya mwisho, ingawa hakuna ambaye angeniona, kwani nilikuwa ndani pamoja naye. Alikuwa na matumaini; niliyaona katika mikono yake, ilivyokuwa na haraka.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Tuliketi nyuma ya mlango, mama na mimi, pazia limeshushwa na ubao wa mlango umerudishwa karibu ufunge. Kati yetu na wao hapakuwa na urefu wa mkono. Nilisikia viatu vikivuliwa, vikohozi, mtu akimsogezea mwenzake nafasi. Walisoma Fatiha kwa ajili ya baba, na mama aliitikia amina bila sauti, midomo tu. Kisha wakanywa kahawa ya kwanza, wakaisifu. Mwalimu mkuu alieleza habari ya chumba. Mmoja akasema wasichana hawafukuzwi, wanapumzishwa. Mwingine akasema binti akishajua kusoma jina lake yatosha, mengine atafundishwa na mumewe, na watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwingine akamtaja marehemu, akasema angekuwapo angetusumbua hadi magharibi, wakacheka tena, safari hii kwa mapenzi. Nilikuwa nikingoja sauti ya Ami Hamadi. Nilijua alipokaa kwa kikohozi chake, pale karibu kabisa na mlango. Alikohoa mara kadhaa. Kila akikohoa mama aliinua kichwa.

Mzee Mwinyi alimaliza kuwasikiliza wote, akageuka. Nilijua amegeuka kwa sababu sauti yake ilitujia usoni. Alisema taratibu, kwa upole ambao sijausahau, "Bi. Mize, twakuuliza hapo ulipo. Wazazi wameonelea wasichana wapumzike kidogo, hata vita viishe, chumba wakipate wavulana. Nyumba hii ina neno?"

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Binti anapoozwa, huulizwa akiwa ndani, naye hakai akapaaza sauti kwamba ndiyo, namtaka. Hunyamaza kwa haya, na kunyamaza kwake huhesabiwa ameridhia. Kila mwanaume aliyekuwa barazani siku ile alikuwa ameoa kwa njia hiyo. Kila mmoja alikuwa amekaa nje ya mlango wa namna ile, akangoja, akasikia kimya, akafurahi. Hawakujua namna nyingine ya kumuuliza mwanamke aliye ndani, wala namna nyingine ya kumsikia. Na mama, akisema kwa sauti mbele ya wanaume wale wote akiwa ndani ya eda, angekuwa mjane aliyeshindwa kumwekea mumewe heshima ya miezi michache, na maneno hayo yangemfuata baba kaburini. Nilifungua kinywa ili niseme mimi. Mama akanishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza. Kupokea pole kwa kinywa cha mtoto ni adabu, kuwapinga wazee kwa kinywa hicho ni jambo jingine; kama ningepiga kelele, wangesema nimetumwa, na ingekuwa ni yuleyule mjane tena.

Akafanya alichoweza. Alichukua kata ya kuchotea maji akagonga ubao wa mlango kwa ndani. Aligonga kwa kishindo, si mara moja. Ndipo nikamsikia Ami Hamadi akiinuka, na mlango ukasukumwa kidogo, na mkono wake ukapita kando ya pazia ukaingia chumbani, kiganja juu, vidole vimekunjuliwa, ukangoja. Katika kila nyumba ya kwetu, mwanamke aliye ndani akigonga mlango, maana yake ni kwamba sinia iko tayari, mtu aje aipokee. Ami alikuja kupokea sinia. Lakini kahawa walikuwa wamekwisha kunywa, na vikombe vilikuwa vingali mbele yao, na yeye kati ya watu wote alijua mama anagonga nini. Mama aliutazama ule mkono. Uso wake uko mbele yangu hadi leo, nao haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayemtazama mwenziwe akizama naye hajui kuogelea. Akanisukuma begani. Nikasogea karibu na pazia nikanong'ona, "Ami, mama asema lisifungwe."

Mkono haukuondoka mara moja. Ulikaa pale, na nikaona vidole vikijikunja kidogo kidogo mpaka ukawa ngumi, ngumi isiyo na nguvu yoyote. Halafu ukarudi nyuma, pazia likaanguka mahali pake. Nje, sauti ya Ami ikasema, "Kahawa bado kidogo."

Mama akageukia jiko, akapuliza makaa, akateleka birika. Kahawa ilipochemka akaipanga vikombe kwenye sinia, akagonga mlango taratibu kama inavyogongwa siku zote, na mkono ukaja tena, ukaipokea. Nililia, na sikulia kwa sauti, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimejifunza. Barazani Mzee Mwinyi alisema alhamdulillahi, tumekubaliana, na nyumba yenyewe imeridhia. Wakaomba dua ndefu kwa ajili ya baba. Walipoondoka, mmoja mmoja walisimama karibu na pazia wakamshukuru mama kwa ukarimu wake.

Siku chache baadaye Mwalimu Rahel alikuja kuaga. Yeye aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa ni mwanamke, na aliketi mkekani na miguu yake ya vumbi bila kuinawa, na hakuna aliyemkumbusha. Alikuwa amekwenda kwa Mzee Mwinyi kulitetea darasa. Mzee alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamwambia asione amechukiwa, kwani hata Bi. Mize mwenyewe, mke wa marehemu, aliulizwa mlangoni kwake na akaridhia. Mwalimu Rahel alilisema hili huku akimtazama mama, na ndani ya macho yake mlikuwa na swali ambalo alikuwa amelibeba kutoka Frere Town, akavuka nalo maji mara mbili.

"Niligonga mlango," mama alisema.

"Hawakuniambia habari ya kugonga," alijibu mwalimu.

Walikaa pamoja mpaka karibu na magharibi. Mwalimu Rahel alichukua majani akawa anampa mama, kazi yangu ile, na mama akawa anashona. Kwa nini aliendelea kushona sikuelewa. Mwalimu alipoondoka aliacha zile leso mbili juu ya kigoda, zimekunjwa, na mama akanikimbiza nikamrudishie. Nilimkuta njia ya kivukoni. Aliipokea moja akaniachia nyingine, akaniambia nisiache kusoma chochote nitakachokiona kimeandikwa, hata kama ni karatasi ya kufungia sukari. Hilo nililitii. Sikumwona tena.

Makuti ya mama yalichukuliwa kwa mkokoteni kabla ya mvua, na kipande chetu kikaezekwa upya kikawa kizuri kuliko vyote. Ami Hamadi aliyapanga mwenyewe juu ya paa. Watu walisema alifanya kazi jua kali bila kupumzika wala kusema na mtu. Sikumchukia, ingawa nilijaribu. Alitulea, alituletea samaki kila alipopata, alinioza kwa heshima, na maisha yake yote hakuwahi tena kupokea sinia mlangoni kwetu. Alimtuma mtu mwingine. Mama alipotoka eda, alioga, akavaa buibui, na mahali pa kwanza alipokwenda hapakuwa kwa jamaa zake kama ilivyo desturi. Alinishika mkono tukaenda shuleni. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulisimama nje ya dirisha la chumba chetu, tukamwona mvulana nisiyemjua amekaa mahali pangu, chini ya makuti yetu, mkavu kabisa, anatamka herufi. Mama alimtazama sana. Alisema, haivuji, kisha tukarudi nyumbani. Nadhani alikuwa amekwenda na maneno ya kusema, lakini hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Walikuwa wameshaambizana kwamba amekwisha kujibu.

Vita viliisha. Nilikwenda kwa Ami nikamuuliza lini tutarudi, naye akasema kamati italiangalia. Zikapita Ramadhani na Idi, nikaanza kufundishwa kupika, na hakuna siku ambayo mtu alikuja kusema darasa limefungwa kabisa. Lilibaki limefungwa kwa muda. Nililiacha likiwa limefika mwisho wa kuzidisha. Mwalimu Rahel alikuwa ametuahidi kugawanya baada ya juma moja. Ukubwani nikiwa na wajukuu nilikwenda kwenye masomo ya gumbaru, yale ya watu wazima, nikapata kuandika vizuri kiasi cha haya mnayoyasoma, lakini kugawanya kulinikataa, kulikuwa kumechelewa. Hadi leo nikitaka kugawa kitu hutandaza kunde mezani nikazihamisha moja moja. Wanangu hucheka, nami hucheka nao.

Juzi nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya kitukuu changu, hapa hapa Likoni, kwa kuwa mama yake alikuwa kazini. Sitaki kuwa mmoja wa wazee wanaosema zamani kulikuwa bora. Shule ni ya mawe, paa la bati, na mwenyekiti wa bodi ni mwanamke, mama mwenye sauti nzuri na kipaza sauti mkononi. Nusu ya waliokaa chini ya hema uwanjani walikuwa akina mama, kila mmoja kwenye kiti chake cha plastiki, hakuna pazia, hakuna aliyemuuliza mwenziwe amefuata nini pale. Nilimfikiria mama yangu. Angetoa chochote alichokuwa nacho apate kuketi kwenye kiti kimoja cha vile. Jambo lilipofika, lilikuwa dogo: kile chumba ambamo watoto wadogo husomea vitabu vya hadithi, ambacho kitukuu changu hunisimulia kila jioni mpaka nikachoka, kitatumiwa na darasa la mtihani. Kwa muda tu, alisema mwenyekiti. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilingoja. Kulikuwa na walioangalia simu, walioangalia saa, na waliowaangalia walimu wa watoto wao waliokaa mbele wakituangalia sisi. Mwenyekiti alingoja pia, kwa kweli alingoja, kwa upole ule ule. Mimi nilikuwa na neno. Lakini sauti yangu siku hizi haifiki mbali, kuinuka kwangu ni shughuli, na kabla sijajikusanya nikasikia akisema vizuri, basi tumekubaliana, tuendelee. Sikujua kwamba mkono wangu ulikuwa unagonga kando ya kiti mpaka nilipousikia. Uligonga kwa kishindo, si mara moja. Msichana mmoja wa shule, wale waliopangwa kuhudumia wageni, akageuka, akanikimbilia kwa adabu nyingi, akainama mbele yangu na chupa ya maji.

"Nyanya, shikamoo. Maji haya."

Nikamwitikia marahaba, mwanangu. Nikayapokea, nikanywa.